Msaada Uliorudishwa Baada ya Miaka Mitatu

Mkulima wa Magole mwenye kesi ya mpaka wa shamba anajua kuku na debe la mchele hupelekwa kwa nani, tena lini: usiku, kabla baraza la kata halijakaa. Ukimuuliza atakwambia ni heshima tu kwa mzee wa baraza. Tusimcheke, maana heshima ya namna hiyo imewaponza wakubwa.

Februari 2014, mafuriko yaliyosomba nyumba za Magole na Dumila yakiwa bado hayajasahaulika, shilingi milioni 40.4 ziliingia kwenye akaunti ya William Ngeleja, wakati huo mbunge wa Sengerema na waziri wa zamani wa nishati na madini. Mtoaji alikuwa James Rugemalira, ambaye kampuni yake ya VIP Engineering ilikuwa imeuza hisa zake katika IPTL, wafua umeme wa Tegeta. Ngeleja alieleza kwamba alizipokea kama msaada, wala hakujua zina kasoro. Hata kodi alizilipia.

Lakini Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 haikuishia kwenye nia njema. Ilipotungwa iliweka kikomo cha shilingi 50,000: zawadi ikizidi hapo, kiongozi aitangaze na kuikabidhi kwa ofisa masuhuli, naye ndiye aelekeze iende wapi. Basi. Barua moja tu, na moyo unatulia.

Novemba 2014 sakata la fedha zilizohusishwa na IPTL, lililoitwa Tegeta Escrow, lilitua bungeni, na hatimaye Ngeleja akapoteza uenyekiti wa kamati ya Bunge. Desemba 22 Rais Kikwete akamwondoa Profesa Anna Tibaijuka Wizara ya Ardhi. Huyu alikuwa amepokea shilingi bilioni 1.6 kutoka kwa mtoaji huyohuyo, akasema ni mchango wa shule. Huenda shule ilizihitaji kwelikweli. Kilichomgharimu ni kwamba zilipitia akaunti yake binafsi.

Julai 2017 Ngeleja alizirudisha zote zile milioni 40.4 kupitia Mamlaka ya Mapato, wiki chache baada ya Rugemalira kufikishwa mahakamani, katika kesi iliyokuja kufutwa dhidi yake mwaka 2021.

Mjumbe wa baraza pale Magole hana ofisa masuhuli wa kumkimbilia. Ana kikao. Debe likiletwa usiku, asubuhi alitaje mbele ya pande zote mbili kabla shauri halijasomwa, karani aliandike kwenye muhtasari, na aliyelileta aondoke nalo.