Mtembea Bure na Mkaa Bure: Wajibu wa Mwili Uzeeni Mwenzi Anapotafuta Kazi

Ndoa nyingi hufika uzeeni kwa hatua zisizolingana. Mume anastaafu akiwa na miaka 60, na mke mwenye miaka 50 mkataba wake wa kazi umekwisha bila kuongezwa. Au mke aliyekuwa muuguzi ameshapokea kiinua mgongo chake, na mume aliyeajiriwa katika kampuni binafsi amepunguzwa kazini akiwa na miaka 57, umri ambao waajiri humwona amezeeka na sera haijamhesabu mzee. Nchini Tanzania mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akifika miaka 55 na kwa lazima akifika 60, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60. Kwenye mipaka hiyo kuna nyumba ambamo mmoja ameshaweka jembe chini na mwingine bado anazunguka na bahasha ya kaki. Humo huzaliwa swali la maadili: je, aliyepumzika ana haki ya kutumia asubuhi yake kutembea, kunyoosha viungo na kuchagua chakula, ilhali mwenzake anahangaikia riziki ya wote wawili? Kuutunza mwili uzeeni ni starehe inayoweza kungoja hali itengemae, au ni deni?

Jibu linaanzia kwenye mwili wenyewe, maana mwili haungoji. Misuli huanza kupungua polepole tangu umri wa miaka ya thelathini, na baada ya 60 kasi huongezeka. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 uliwachukua wazee wenye afya njema na kuwalaza kitandani siku 10 tu; walipoinuka walikuwa wamepoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Mapema zaidi, mwaka 1953, daktari Jerry Morris wa Uingereza alionyesha kwamba makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, waliopanda na kushuka ngazi kutwa nzima, walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva wa mabasi yaleyale, waliokaa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri wenye miaka 65 na zaidi kujishughulisha kwa kadiri dakika 150 hadi 300 kwa wiki, kuimarisha misuli angalau siku 2, na kufanya mazoezi ya nguvu na mizani ya mwili siku 3. Ushauri huo hautaki ukumbi wala ada. Kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, kwenda sokoni kwa miguu na kurudi na kikapu: hayo yanatosha kwa mwanzo. Miezi sita ya kungoja hali itengemae ni miezi sita ambayo miguu inaandika hasara, na hasara hiyo ni ngumu zaidi kuifidia kuliko kuizuia.

Ukosefu wa kazi nao hauishii kwa yule aliyeikosa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walichunguza kijiji cha Marienthal, karibu na Vienna nchini Austria, ambako kiwanda cha nguo kilichokuwa kikikilisha kijiji kizima kilikuwa kimefungwa. Katika kitabu chao cha mwaka 1933 walieleza jinsi walivyojificha, saa mkononi, wakapima mwendo wa watu barabarani. Wanaume waliokosa kazi walikwenda polepole na kusimama mara kwa mara, ingawa hakuna kilichowachelewesha. Wanawake walikwenda haraka, kwa kuwa sufuria na watoto viliwangoja nyumbani. Vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua, hali watu walikuwa na muda kuliko wakati wowote. Muda mtupu haukuwapa watu mwendo, uliwaondolea.

Ndivyo inavyokuwa katika nyumba ya watu wawili. Mwenye kutafuta kazi huishi kwa kusikilizia simu. Siku ikikosa mipaka, chai ya saa moja husogea hadi saa nne, usingizi wa mchana hurefuka, na televisheni huwashwa mapema. Mstaafu aliyekuwa na ratiba yake huvutwa humo taratibu, mara nyingi kwa huruma: anaona vibaya kutoka na kumwacha mwenzake ameinamia meza. Kisha jiko hufuata. Matunda huondoka kwanza, halafu samaki, na sahani hubaki na ugali mkubwa na mboga kidogo. Bima ya afya iliyofungamana na ajira hukatika ajira inapokatika, na mwenzi aliyeandikwa kama mtegemezi hukatika nayo. Vidonge vya presha vya kila siku huanza kumezwa siku moja, siku moja hapana, ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Haya hayaamuliwi na mtu mmoja siku moja. Huingia kama maji chini ya mlango.

Pamoja na hayo, wanaoona aibu kwa mzee kujishughulikia katika hali hiyo wana hoja ya kusikilizwa. Ndoa ni kugawana shida. Jirani anayemwona mzee amevaa raba alfajiri, wakati mkewe anajiandaa kwa usaili wa tatu mwezi huo, anaweza kuona mtu aliyejitoa katika mzigo wa pamoja. Wapo pia wanaoona kwamba uzee ni wakati wa kutulia barazani, na kwamba kukimbizana na afya ni kung'ang'ania ujana. Nguvu ya hoja hizi iko katika dhana moja iliyojificha ndani yake, kwamba mwili ni mali ya mwenyewe, na kwa hiyo kuuhudumia ni kujihudumia. Dini mbili zenye wafuasi wengi zaidi Afrika Mashariki zinaikataa dhana hiyo.

Katika Uislamu mwili ni amana. Hadithi mashuhuri inamtaja Abdallah bin Amr, kijana mcha Mungu aliyekuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha. Mtume Muhammad alimzuia, akamkumbusha kwamba mwili wake una haki juu yake, macho yake yana haki, na mkewe ana haki. Jambo la kuzingatia ni kwamba mwili na mke vimetajwa katika orodha moja. Anayeudhulumu mwili hamalizii dhuluma hiyo kwake. Huipeleka hadi kwa aliyefungamana naye. Sheria ya ibada nayo inaujua mwili unaozeeka. Imran bin Husayn, aliyesumbuliwa na bawasiri, alielekezwa asali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa kulalia ubavu. Wajibu haufutwi na udhaifu wala haupuuzi udhaifu. Hushuka ngazi kwa ngazi pamoja na uwezo. Na anayeweza kusimama, sala za faradhi peke yake humpa rakaa 17 kwa siku, zenye sijda 34. Mtazame bibi wa miaka 68 kwenye mkeka wa ukindu: anashusha magoti, paji la uso linagusa chini, anarudi kukaa, kisha anakita kiganja kwenye goti la kulia na kuinuka kwa pumzi moja. Sala haikuwekwa iwe mazoezi, na kuisali kwa nia ya mazoezi ni kuipotosha. Hata hivyo goti linalohifadhiwa kwa kutembea ndilo linaloendelea kusujudu.

Ukristo unafika mahali hapohapo kwa njia nyingine. Katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 6, Paulo anaufananisha mwili na hekalu la Roho na kusema kwamba muumini si mali yake mwenyewe. Sura inayofuata, akizungumzia unyumba, anasema mke hana mamlaka juu ya mwili wake peke yake, wala mume hana juu ya wake. Kila mmoja amekabidhiwa mwenzake. Zikisomwa pamoja, sura hizo zinaufanya mwili wa mwanandoa kuwa na wadai wawili, Mungu na mwenzi. Wakati huohuo waraka wa kwanza kwa Timotheo unaweka kipimo: mazoezi ya mwili yana faida, lakini ni ndogo ikilinganishwa na utauwa. Mwili hutunzwa kwa ajili ya jambo lililo kubwa kuliko mwili.

Wanafalsafa wameligusa suala hili bila kutegemea maandiko. Cicero, katika kitabu chake kuhusu uzee cha mwaka 44 KK, anamfanya mzee Cato mwenye miaka 84 aseme kwamba uzee upigwe vita kama maradhi yanavyopigwa: kwa mazoezi ya kadiri, na kwa chakula cha kurudisha nguvu badala ya kuzielemea. Upungufu wa Cato huyo ni kwamba ni bwana mwenye mashamba. Nyumba isiyo na mshahara hakuifikiria. Immanuel Kant, mwaka 1785, anatoa hoja inayoifaa zaidi nyumba hiyo. Kwake kulinda ustawi wa nafsi ni wajibu, angalau kwa njia ya kuzunguka, kwa sababu mtu aliyezongwa na dhiki nyingi hushawishika kuyaacha yale anayowajibika kwayo kwa wengine. Mzee anayelala vibaya, mwenye maumivu ya mgongo na sukari iliyopanda, huwa mwepesi wa hasira, na hasira hiyo humshukia aliye karibu, ambaye siku hiyo pengine amepokea barua ya kukataliwa.

Hapo pingamizi la ubinafsi linageuka. Katika nyumba inayotafuta kazi, kuanguka kwa mstaafu bafuni kunamaanisha nauli ya hospitali, gharama za matibabu, na zaidi ya yote wiki kadhaa ambazo mtafutaji kazi atakuwa muuguzi badala ya kuwa mwombaji. Kumeza dawa kwa wakati na kuimarisha mapaja ni sehemu ya mchango wake katika utafutaji uleule. Hadithi ya Zaynab, mke wa Abdallah bin Masud, inasaidia kuupima mchango wa namna hii. Mwanamke huyo alikuwa na kipato na mumewe alikuwa fukara. Alipouliza kama anaweza kumpa mumewe sadaka, alijibiwa kwamba ana malipo mawili, ya ujamaa na ya sadaka. Mafunzo ya fikihi huweka matumizi ya nyumba juu ya mume, lakini tukio hilo linaonyesha kwamba mkono unaotoa ndani ya ndoa unaweza kubadilika bila heshima ya yeyote kuporomoka. Kama fedha inaweza kutoka kwa mke, basi nguvu, utulivu na afya vinaweza kutoka kwa aliyestaafu, naye akahesabiwa mtoaji.

Wajibu huu una mipaka miwili. Wa kwanza ni dhidi ya kujificha. Mazoezi yakiwa njia ya kukimbia mazungumzo ya madeni, au yakila fedha ya kodi ya nyumba kwa viatu na dawa za kuongeza nguvu, yamegeuka kuwa ule ubinafsi ulioshutumiwa. Wa pili ni dhidi ya lawama. Wako wanaotembea kila siku na bado wanapooza. Wako wenye vyeti na juhudi na bado hawaitwi kazini. Marafiki wa Ayubu walimhukumu kwamba mateso yake ni ushahidi wa kosa lake, na simulizi lenyewe likawaumbua. Kuugua si ushahidi wa uvivu, kama vile kukosa kazi si ushahidi wa uzembe.

Mpaka huo wa pili unaonyesha kwamba mstaafu na mtafutaji kazi wako katika hali moja ya kiroho. Wote wawili hufanya jitihada isiyo na dhamana. Barua ya maombi haimlazimishi mwajiri, na hatua elfu tano haziulazimishi moyo. Mafundisho ya tawakali, kama yanavyofupishwa na hadithi ya mtu aliyeambiwa amfunge ngamia wake kwanza ndipo amtegemee Mungu, yanawahusu sawasawa. Methali ya Kiswahili inasema mtembea bure si sawa na mkaa bure, huenda akaokota. Kwa kawaida hutajwa kwa anayezunguka kutafuta riziki, lakini kwa mzee ina maana ya moja kwa moja zaidi: hata asipookota chochote njiani, miguu yake imeshapata.

Kwa utendaji, jambo la kwanza ni kurudisha mipaka ya siku. Jahoda, katika maandishi yake ya baadaye, alieleza kwamba kazi huwapa watu zaidi ya mshahara: mpangilio wa saa, kukutana na watu, lengo la pamoja, hadhi na shughuli. Mstaafu mwenye ratiba anaweza kumwazima mwenzake vitu hivyo kwa muda. Matembezi ya pamoja saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya barua na simu, humpa mtafutaji kazi saa ya kuamka na mtu wa kujaribia majibu ya usaili. Mstaafu huchukua shughuli zilizo na mwendo ndani yake, kama soko, bustani ya mchicha na maji, ili mwenzake abaki na muda wa meza. Dagaa, maharage na mchicha huhifadhi misuli kwa bei iliyo chini ya nyama. Dawa za kila siku hazimo katika orodha ya kupunguzwa. Penye dirisha la wazee hospitalini, huko ndiko pa kuanzia. Kazi ikipatikana, mgawanyo hubadilika: mmoja hutoka asubuhi na kurudi jioni, na mwenye miguu mizima ndiye anayebaki kwenda sokoni, kuinjika chungu na kumpokea mjukuu kutoka shule.