Jirani Yetu Katika Picha

Siku hizi katika miji yetu wapo vijana kwa wazee waliojiunga katika vikundi vya wapenda picha. Wengi wao ni washarika wenzetu. Jumamosi alfajiri huondoka Moshi kwa Hiace ya kukodi, wakapanda Marangu au Machame kabla mawingu hayajaifunika Kibo. Hupiga picha za maporomoko ya maji, mifereji, migomba na kahawa, na jioni hurudi mjini. Je, safari hizi zinaihusu imani yetu? Tunaona zinaihusu sana.

Kwanza tushukuru. Aliyeandika Zaburi ya 104 aliyatazama maji yakishuka bondeni, majani ya mifugo na ndege matawini, na kule kutazama kukamfanya amsifu Muumba. Mtu anayekaa kimya nusu saa akingoja jua litoke nyuma ya mlima amejifunza utulivu ambao wengi wetu tumeupoteza. Kazi ya Mungu inastahili kutazamwa hivyo.

Lakini kihamba si pori. Kila mgomba una aliyeupanda. Mfereji ulichimbwa kwa mikono ya watu, na maji yake hugawanywa kwa zamu. Anayepiga picha za shamba amekwisha kuingia nyumbani kwa mtu. Basi anatokea mama mmoja akirudi kukata majani ya ng'ombe, mzigo kichwani, nguo zimechakaa, miguu haina viatu. Kabla hajasalimiwa amekwisha kupigwa picha. Usiku ule picha inazunguka katika simu za watu, na chini yake pameandikwa: "Maisha ya kijijini."

Je, mama huyu ameibiwa? Wengi watasema hapana, kwa kuwa uso wake anao bado. Hatutaki kuilazimisha Amri ya Saba. Tuitazame Amri ya Nane, ile inayokataza ushuhuda wa uongo. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, haishii kutukataza kumsingizia jirani. Anatufundisha pia kumtetea, kumnenea mema, na kuyaeleza mambo yake kwa namna iliyo njema. Mama yule alivaa nguo za kazi kwa sababu alikuwa kazini. Huenda ni mzee wa kanisa. Huenda amesomesha watoto kwa maziwa ya ng'ombe huyo huyo. Kamera haikudanganya hata kidogo, lakini wanaoitazama picha wameambiwa jambo moja tu juu yake, kwamba ni maskini. Ushuhuda unaweza kuwa wa kweli katika kila sehemu yake, na bado ukamwonea jirani.

Wapiga picha wana hoja ya kujibiwa. Husema, ukiomba ruhusa, mtu hubadilika: ataingia ndani, atavaa kitenge kipya, atasimama wima kama yuko studio, na ule uzuri wa kawaida utapotea. Ni kweli, jambo fulani hupotea. Lakini tujiulize, uzuri ule ulikuwa wa nani? Mama anapokwenda kubadili nguo anatuambia jinsi anavyotaka kujulikana. Tukiikataa picha hiyo na kuitaka ya kwanza tu, tumempenda kama mapambo ya mlima. Jirani hatujampenda bado.

Kanisa letu lina sababu ya kulijua jambo hili. Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, nao wakaacha picha nyingi. Tunazishukuru, maana zinatuonyesha nyumba za kale na sharika changa. Lakini katika baadhi ya picha hizo mtu hakuandikwa jina. Imeandikwa tu kuwa ni mwanamke, au ni mzee wa mahali fulani. Leo mjukuu anaweza kuutazama uso wa bibi yake asijue kuwa ni yeye. Mchungaji Mwema wa Yohana 10 huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina.

Kwa hiyo tunawasihi wapendwa wetu wenye kamera: nendeni, na Mungu awape anga safi. Mkifika, shikamoo itangulie kamera. Ulizeni jina. Ombeni ruhusa, na mkikataliwa, shukuruni mwende zenu bila kununa. Picha za watoto zisipigwe bila wazazi kujua. Mkiandika maneno chini ya picha, yawe maneno ambayo mwenye uso angeweza kusomewa mbele ya watoto wake. Na safari ijayo, safisheni picha moja mumpelekee mwenyewe. Gharama yake ni ndogo, nayo itatundikwa ukutani pale kihambani miaka mingi.