Kuuza Nyumba Bila ya Dalali

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewafungulia waja wake milango ya chumo la halali. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, pamoja na jamaa zake na Sahaba zake wote.

Amma baadu. Liko swali linaloulizwa mara kwa mara katika mabaraza ya pwani, baada ya sala ya alasiri: mtu mwenye nyumba ya kuuza, je, aiuze kwa mkono wake mwenyewe, au amtafute dalali? Na wengi wa waulizao huwa wamekwisha kujijibu kabla ya kuuliza. Husema, “Dalali hakujenga, hakurithi, wala hakutia hata jiwe moja, kwa nini ale?” Na katika zama hizi, ambapo kila mtu ana simu mkononi, aweza kuipiga nyumba picha na kuipeleka mpaka Maskati na Dubai kabla kahawa haijapoa, hoja hiyo imezidi nguvu.

Walakini swali hili si la fedha peke yake. Ndani yake mna amana, mna ulimi, na mna haki za watu wasiokuwapo kikaoni. Mwenye kulipima kwa fedha tu huenda akaokoa kidogo akapoteza kikubwa.

Kwanza ijulikane ya kuwa kazi ya udalali si haramu wala si ya kudharauliwa. Sahaba Qais bin Abi Gharaza amepokea kwamba wao wafanya biashara wa Madina walikuwa wakiitwa masamasira, yaani madalali, hata Mtume, rehema na amani zimshukie, akawapitia akawapa jina bora kuliko hilo, akawaita wafanya biashara. Kisha akawaonya kwamba katika kuuza na kununua huingia maneno ya upuzi na viapo, basi waichanganye kazi yao na sadaka. Haya ameyapokea Abu Daud na wengineo. Naye Imamu Bukhari ameweka mlango mzima juu ya ujira wa dalali, akataja kwamba Ibn Sirin, Ata, Ibrahim na Hasan hawakuona ubaya katika ujira huo.

Na upande wa pili imethibiti kwamba Mtume alikataza mwenyeji wa mji kumuuzia mtu wa jangwani bidhaa yake, na Ibn Abbas alipoulizwa maana yake akaeleza kuwa mwenyeji asiwe dalali wake. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi wamelieleza katazo hili kuwa ni pale mgeni anapoleta kitu ambacho watu wanakihitaji, akataka kukiuza kwa bei ya siku ile, mwenyeji akamwambia amwachie amuuzie pole pole kwa ghali. Basi udalali mwengine haukuingia humo. Lakini hekima ya katazo yafaa kushikwa: mtu wa kati ni mwema anapowakutanisha watu, na ni mbaya anapowatenga ili ale baina yao.

Na huko kuwatenga watu ndiko kulikowachosha wenye nyumba. Iko ada mbaya iitwayo “cha juu.” Mwenye nyumba hutaja bei yake, dalali akaenda kwa mnunuzi akataja nyengine, na kilichozidi kikawa chake, wala mmoja wa wawili wale asijue. Huo ni wizi uliovaa kanzu ya biashara. Ni kweli kwamba Ibn Abbas amepokewa akiruhusu mtu kumwambia mwenziwe auze nguo kwa kadha, na kilichozidi kiwe chake. Lakini hapo mwenye mali amejua na ameridhia. Na pamoja na hayo wanavyuoni wengi, na wa Kishafi wamo, hawakulikubali sharti hilo, kwani ujira wake haujulikani. Wakasema dalali akiuza kwa namna hiyo hupata ujira wa mfano wa kazi yake. Basi iwapo jambo lililofanywa wazi limekataliwa kwa sababu ya kutojulikana, lile linalofichwa litakuwaje?

Ubaya mwengine ni najshi, nao ni mtu kuongeza bei hali hataki kununua, ili amhadae mwenziwe. Dalali asemaye, “Jana alikuja mtu wa kutoka ng’ambo akataka kulipa zaidi,” na mtu huyo hakuja wala hakuzaliwa, amemla mnunuzi kwa ulimi.

Kwa sababu hizi mtu huazimia kuuza mwenyewe, na azma hiyo ina kheri ndani yake. Mwenye nyumba ndiye ajuaye lini dari ilivuja na wapi mchwa waliingia. Tena katika sheria, hukumu nyingi za mapatano humfuata yule aliyekaa kikaoni. Wanavyuoni wa Kishafi wamesema kwamba muuzaji na mnunuzi wote wawili wana hiari ya kuvunja maadamu hawajatengana, lakini anapouza wakala, kutengana kunakohisabiwa ni kwa wakala, si kwa aliyemtuma. Basi mwenye kuuza mwenyewe ameishika hiari yake mkononi.

Lakini azingatie jambo moja ambalo wengi hulisahau. Mtu akimwondoa dalali, kazi ya dalali haikuondoka, imehamia kwake. Kusifu nyumba, kutaja bei, kujibu maswali na kukutana na tamaa ana kwa ana, yote hayo sasa ni yake. Yule aliyekuwa akiulaumu ulimi wa dalali ataona ulimi wake mwenyewe umepelekwa sokoni.

Na mtihani wa kwanza ni aibu za nyumba. Nyumba za mawe za Mombasa, Lamu na Unguja zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake ni za boriti za mikoko. Mvua ikiingia juu, boriti huoza ndani kabla hazijaonekana nje. Na unyevu ukipanda ukutani, chokaa mpya yaweza kuuficha mwezi mmoja au miwili, muda wa kutosha kuuza. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliutia mkono wake katika chungu ya chakula sokoni akakuta majimaji ndani, na mwenyewe akatoa udhuru kwamba kilinyeshewa mvua. Hakumlaumu kwa mvua. Alimlaumu kwa kuyaweka yaliyorowa chini na makavu juu, na akajitenga na mwenye kughushi. Basi kupaka chokaa si kosa. Kosa ni kuipaka ili isemee uwongo.

Wako wasemao, “Nimemwambia anunue kama ilivyo, nami nimetoka lawamani.” Hilo halitoshi. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi, kama alivyoiandika Imamu Nawawi katika Minhaj, ni kwamba sharti la kujivua na aibu humfaa muuzaji katika aibu ya ndani ya mnyama ambayo yeye hakuijua, na katika vitu vingine halimfai. Na nyumba si mnyama. Bali wanavyuoni wamezidi wakasema kwamba hata asiyekuwa muuzaji, akiijua aibu, yampasa kumweleza mnunuzi. Basi dalali ajuaye na akanyamaza ameingia katika kosa, lakini mwenye nyumba aliyenyamaza nyuma yake hakutoka.

Na katika aibu kubwa ni ile ya umiliki wenyewe. Mjini Mombasa, katika mitaa kama Majengo, ziko nyumba ambazo wenyewe hawamiliki ardhi iliyo chini yake. Kiwanja ni cha mtu mwengine, na mwenye nyumba hukilipia kodi. Mwenye kuuza nyumba ya namna hii bila kulieleza hilo ameuza kuta, na mnunuzi amedhani amenunua mahali. Vile vile ziko nyumba za wakfu, ambazo asili yake haiuzwi, hata kama wanaokaa ndani wamezaliwa humo na baba zao wamezaliwa humo.

Mtihani wa pili ni mgumu zaidi, kwa kuwa huja kwa sura ya wema. Na ikadiriwe kwamba mtu amefiwa na baba, akaacha nyumba, na warithi ni yeye na dada zake wawili tu, na madeni na wasia vimekwisha kutolewa. Yeye ana nusu, na kila dada ana robo. Akawaambia, “Msijisumbue, mimi nitaiuza, hatuna haja ya dalali.” Nao wakamwambia, “Wewe ndiwe kaka yetu, kama baba yetu.” Nyumba thamani yake ni shilingi 8,000,000, na dalali angalichukua 200,000. Akatokea rafiki yake wa barazani, akampa kwa 7,000,000 kwa sababu ya urafiki na haraka. Usiku ule akalala na furaha kwamba ameokoa 200,000.

Hisabu haisemi hivyo. Amepoteza 1,000,000, na nusu yake haikuwa mali yake. Kila dada amepungukiwa na 250,000, na hapana hata mmoja aliyeulizwa. Hata ukitoa sehemu ya kila mmoja katika ujira wa dalali, ambayo ingalikuwa 50,000, kila dada amepungukiwa na 200,000. Ukarimu ulikuwa wa kaka, na waliolipa ni dada zake. Na hukumu ya sheria i wazi: wakala aliyetumwa kuuza bila kuwekewa sharti hana ruhusa kuuza chini ya bei ya mfano kwa upungufu mkubwa, wala kuuza kwa deni, wala kujiuzia mwenyewe. Akitaka kumfanyia rafiki yake ihisani, na aifanye katika nusu yake.

Hapa ndipo paonekanapo faida ya dalali ambayo haitajwi. Dalali mwaminifu si mtafuta wanunuzi tu. Ni jicho la mtu wa nje. Huileta bei mbele ya watu wote, na dada aliye Malindi na ndugu aliye Maskati husikia neno lile lile. Basi ndugu anapowakataza wenzake kutia dalali, ajiulize kwa ukweli: akimbia ujira, au akimbia shahidi?

Na kabla ya hayo yote, washirika wapewe khabari. Imamu Muslim amepokea kwa Jabir kwamba mwenye ushirika katika nyumba au shamba si halali kwake kuuza mpaka amjulishe mshirika wake, naye akitaka achukue, na akitaka aache. Huenda dada yule yule asiyeulizwa alikuwa na mume awezaye kuinunua, na nyumba ya baba ikabaki katika kizazi cha baba.

Jirani naye asisahauliwe. Shufaa kwa Mashafi ni ya mshirika, si ya jirani. Mahanafi wamempa jirani pia. Lakini hata pasipo wajibu, iko ihisani. Imepokewa katika Bukhari kwamba Abu Rafii, aliyeachwa huru na Mtume, alikuwa na vyumba viwili ndani ya maskani ya Saad bin Abi Waqqas, akamtaka Saad avinunue. Saad akasema hatazidisha juu ya 4,000, tena kwa kulipa kidogo kidogo. Abu Rafii alikuwa amekwisha kupewa dinari 500 na mtu mwengine, nazo, kila dinari ikihisabiwa kwa dirhamu 10, ni dirhamu 5,000. Pamoja na hayo akamwuzia Saad, kwa kuwa alimsikia Mtume akisema kwamba jirani ana haki zaidi kwa ukaribu wake. Hapo hapakuwa na dalali, na bei ilikuwa chini. Lakini kilichopunguzwa kilitoka katika mali ya Abu Rafii mwenyewe, na alijua alichokuwa akikiacha na sababu ya kukiacha. Hiyo ndiyo tofauti baina yake na kaka yule.

Basi jawabu la swali ni hili. Nyumba ikiwa ni ya mtu peke yake, na bei ya mtaa aijua kwa kuuliza watu watatu au wanne wajuzi, na ulimi wake hauogopi kutaja aibu, hapana lawama akiuza mwenyewe, na huenda ikawa ni bora. Ama ikiwa ndani yake mna haki ya yatima, au mjane, au ndugu walio mbali, au yeye mwenyewe ana haya nyingi au haraka nyingi, basi ujira wa dalali mwaminifu si hasara; ni bei ya usalama. Naye dalali awekewe kiasi kinachojulikana cha shilingi, hata asiwe na sababu ya kupandisha bei kwa uwongo, na ashurutizwe kwamba bei itajwe mbele ya pande zote mbili.

Na kwa njia yoyote itakayochaguliwa, mapatano yaandikwe na yashuhudiwe. Hayo ni maelekezo ya dini katika madeni na mauziano, na ndiyo sheria ya Kenya pia, kwani mkataba wa kuuza ardhi hutakiwa uandikwe, utiwe sahihi na ushuhudiwe. Wala isiandikwe bei ndogo kuliko ile iliyolipwa ili kupunguza ushuru; maana aliyemkataa dalali kwa sababu ya uwongo, kisha akatia uwongo katika hati, amemfukuza mwizi mlangoni akamwingiza dirishani.

Nyumba huuzwa mara moja, na fedha yake huliwa ikesha. Lakini neno lililosemwa siku ile hubaki katika daftari isiyofutwa, na mwenye kulisema ataulizwa yeye mwenyewe. Siku hiyo hapana dalali wa kumsemea.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, na kwake ndiko marejeo.