Yatima wa Mwembeni: Je, Kindi Ana Haki Juu Yetu?

Yako maswali ambayo mtu akiyasikia hucheka kwanza, kisha akiyafikiri huona hayakuwa ya kuchekwa. Moja katika hayo ni hili lililoletwa katika darsa yetu. Mwembe wa zamani umekatwa ili pajengwe nyumba, na katika tundu la shina lake kikaonekana kitoto cha kindi, macho hakijafungua, manyoya hakijaota ila kidogo, na mama yake hayuko. Je, aliyekiokota ana wajibu gani? Mmoja katika waliohudhuria alisema kiachwe hapo hapo, kwani riziki yake iko kwa Mola wake. Wa pili akasema kindi ni mharibifu, hula maembe ya watu na mahindi yao, na kufa kwake ni nafuu. Wa tatu, naye ndiye aliyesema neno zito kuliko wenziwe, akauliza: Mjini humu wamo watoto wa binadamu waliofiwa na wazazi wao wala hawana wa kuwatazama, je, si aibu mtu kuamka usiku kumnywesha mnyama wa mwituni?

Tumeona yafaa maneno haya yajibiwe kwa uwazi, kwani nyuma yake liko jambo kubwa kuliko kindi, nalo ni kujua huruma ni kitu gani, na kama nia njema yatosha peke yake.

Ama huyo wa kwanza, amesema neno la kweli akaliweka mahali pasipo pake. Hapana kiumbe juu ya ardhi ila riziki yake iko kwa Mwenyezi Mungu. Hili hatuna shaka nalo. Lakini ni nani aliyemwambia kwamba mkono uliokiona kitoto kile si katika njia za riziki hiyo? Mtu huyu mbuzi wake akiugua hamwachii kadari, humtafutia dawa. Na mwanawe akishikwa na homa, hangoji hata alfajiri. Tawakuli ya namna hii, tazameni, huzidi sana pale ambapo taabu ni ya mwingine. Tena mti haukuangushwa na upepo, uliangushwa na shoka letu. Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba Masahaba fulani safarini walichukua makinda ya ndege, na mama yao akaja akipigapiga mbawa. Mtume (S.A.W.) akauliza ni nani aliyemhuzunisha ndege yule kwa ajili ya wanawe, akaamuru arudishiwe. Hakusema kwamba riziki ya makinda iko kwa Mungu, naye ndiye aliyelijua jambo hilo kuliko sote.

Ama wa pili, hatumkatalii kwamba kindi hula maembe. Mwenye shamba ana ruhusa ya kumfukuza na kulilinda shamba lake. Bali twazidi kusema kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi sinjabu, ambaye ni jamaa ya kindi, ni halali kuliwa kwa kauli iliyo na nguvu. Lakini huyo mwenye ruhusa ya kuchinja ameamrishwa anoe kisu chake na amstareheshe mnyama wake. Hakupewa ruhusa ya kumwacha afe kwa njaa na kuliwa na sisimizi. Ruhusa ya kuua ni jambo moja, na ruhusa ya kutesa ni jambo jingine, na hii ya pili hapana mwanachuoni aliyeitoa.

Khabari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka yajulikana na kila mtoto wa chuoni, nayo imo katika Bukhari na Muslim. Lakini wengi huisikia bila ya kuizingatia. Haikutajwa kwamba alimpiga yule paka, wala kwamba alimchoma moto. Kosa lake ni kwamba alimfungia, kisha hakumlisha wala hakumwachilia akajitafutie mwenyewe katika vijidudu vya ardhi. Milango ilikuwa miwili, naye akaifunga yote miwili. Na wanavyuoni wetu wamejengea hapo. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kisomwacho katika misikiti yetu mpaka leo, amesema kwamba mwenye mnyama ni lazima amlishe na amnyweshe, wala asikamue maziwa kwa kadiri ya kumdhuru mtoto wa mnyama huyo. Na Izzuddin bin Abdis-Salam, aliyefariki mwaka wa 660 wa Hijra (1262), alipohesabu haki za wanyama juu ya mwanadamu, alitaja kuwa mnyama hulishwa hata akiwa mzee au mgonjwa asiyetarajiwa faida.

Huenda mtu akasema: Hao wamezungumza juu ya mnyama mwenye mwenyewe, na kindi hana mwenyewe. Ni kweli. Na kwa sababu hiyo sisi hatuthubutu kusema kwamba kila apitaye chini ya mwembe asiinue kitu ana dhambi. Kwake yeye jambo hili ni fadhila, na aliyemnywesha mbwa mwenye kiu alipata maghufira kwa fadhila kama hiyo. Lakini pindi amwinuapo, akamtia katika kikapu chake na kumpeleka nyumbani, jambo limehama. Sasa yeye ndiye aliyefunga mlango, na kwa hiyo ndiye mwenye dhima. Hapana tena mama awezaye kumfikia, wala mti awezao kuupanda.

Na hapa ndipo wengi wenye moyo mwema wanapoharibu. Mtoto humleta kindi nyumbani kwa furaha. Bibi, kwa huruma, humpa maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa sukari, au mkate uliorowekwa katika chai. Hulazwa chali kama mtoto wa binadamu akamiminiwa kwa kijiko. Watoto wa jirani humpokezana mkono kwa mkono mchana kutwa. Siku ya tatu hufa, na watu husema: Ajali yake imefika. Ajali yake imefika kweli, lakini sababu yake ilikuwa mikononi mwetu, nayo ilikuwa ujinga uliovaa nguo ya mapenzi.

Basi tuyaeleze yapasayo, kwani hayajulikani na wengi, na kuyaficha si uungwana.

La kwanza ni kumrudisha kwa mama yake, kwa mujibu wa khabari ile ya ndege. Mama kindi huwa na makao zaidi ya moja, naye huwahamisha wanawe kwa kuwabeba kinywani. Maneno ya watu kwamba akisikia harufu ya mkono wa mwanadamu humkataa mwanawe hayana asili. Kitoto kisicho na jeraha hutiwa katika kikapu chenye kitambaa, kikapu kikatundikwa katika mti ulio karibu, mbali na paka na sisimizi, kisha watu wakae mbali wangoje saa kadhaa. Na hili lifanywe mchana, maana kindi wa pwani yetu, huyu mwenye tumbo jekundu, hutembea mchana na usiku hulala. Jua likikaribia kuchwa na mama hakuja, ndipo huingizwa ndani.

La pili ni joto, nalo hutangulia chakula. Chupa ya maji ya moto iliyozongwa nguo huwekwa upande mmoja wa sanduku, si chini yake kote, ili akizidiwa na joto aweze kujisogeza. Mwenye mwili wa baridi halishwi, kwani tumbo lililopoa haliwezi kuyeyusha chakula, na maziwa yenyewe humgeukia sumu. Akishapata joto hupewa matone ya maji vuguvugu ya chumvi na sukari, ile dawa ipewayo mtoto anayeharisha, ipatikanayo katika kila duka la dawa. Baada yake ndipo maziwa.

Na maziwa si ya ng'ombe kama yalivyo, kwani humharisha mpaka maji ya mwilini yakamwishia. Wenye ujuzi wa kazi hii hutumia maziwa ya unga yatengenezwayo kwa watoto wa mbwa, yauzwayo katika maduka ya dawa za mifugo ya miji mikubwa. (Jina hili lisimtie mtu wasiwasi: si maziwa ya mbwa, ni maziwa ya kulishia watoto wa mbwa.) Kipimo cha kila mara ni kama sehemu moja katika ishirini ya uzito wake; kindi wa gramu 20 hupewa mililita 1 tu, nayo ni matone kama 20. Asiyefungua macho hulishwa kila baada ya saa mbili au tatu, na usiku pia khasa akiwa mchanga sana. Hulishwa kwa sirinji ndogo isiyo na sindano, tumbo lake likiwa chini na kichwa juu, tone baada ya tone. Maziwa yakimtoka puani, mlishaji asimame mara moja, kwani yanaelekea mapafuni, na vitoto vingi hufa kwa sababu hiyo kuliko kwa njaa.

Liko jambo jingine ambalo asiyefunzwa hawezi kulikisia. Kitoto cha umri ule hakiwezi kukojoa wala kwenda choo peke yake. Mama humlamba, na kwa kulambwa ndio hupata haja. Basi mlezi yampasa kila baada ya kumlisha amsugue taratibu chini ya mkia kwa pamba iliyotiwa maji vuguvugu. Asipofanya hivyo, kibofu hujaa na mnyama hufa hali tumbo limejaa maziwa mazuri, na mlezi hajui alilokosa.

Asomaye haya akiona ni kazi nyingi, ameona sawasawa. Wala hatukusudii kumlazimisha kila mtu. Asiyeweza na ampeleke kwa daktari wa wanyama au katika ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, kwani kumkabidhi mwenye ilimu si kuikimbia dhima, ndiko kuitekeleza. Tena sheria ya wanyamapori ya nchi yetu ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumfuga mnyama wa mwitu bila ya kibali, na kwa hiyo hata mwenye ujuzi yampasa awape khabari wenye mamlaka.

Sasa tumrudie yule wa tatu. Neno lake ni la haki kwa kadiri hii: lau senti ya maziwa ya kindi imetolewa kinywani mwa yatima wa binadamu, basi yatima wa binadamu ndiye wa kwanza wala hapana mjadala. Lakini twauliza, je, ndivyo yalivyo? Mililita chache za maziwa hazijamnyima yatima yeyote chakula chake. Harusi zetu za siku tatu, na vyakula vimwagwavyo jaani asubuhi yake, hizo ndizo zingeulizwa swali hilo kwanza. Na mara nyingi amtajaye yatima ili kindi asilishwe, ukimfuata nyumbani kwake hutamkuta yatima huko pia.

Bali sisi twaona kwamba yatima yule atufunza jinsi ya kumlea huyu. Kitabu cha Mwenyezi Mungu kimeamrisha mali ya yatima ihifadhiwe, naye apimwe hata afikilie utu uzima, ndipo akabidhiwe mali yake, wala mlezi asiile kwa pupa kabla hajakua. Basi kindi naye ana mali. Mali yake si fedha wala nyumba. Ni kuogopa watu na paka, kujua kupanda, kuchagua tunda lililoiva, na kusikia mlio wa mwewe akajificha. Mwenye kumzoesha mkono, akamfanya wa kuchezewa barazani, akampa njugu na mahindi tu mpaka mifupa yake ikalegea kwa kukosa vyakula vingine, huyo amekula mali ya yatima hali akidhani anampenda. Akisha kumchoka humwachilia, na siku ile ile paka wa jirani humkamata, kwani hakufunzwa kumwogopa.

Twajua kwamba tutapingwa kwa khabari ya Abu Umair, mtoto aliyekuwa na ndege wake mdogo, na Mtume (S.A.W.) akamuuliza khabari za ndege huyo kwa upole alipokufa. Hadithi hiyo ni sahihi, na Ibnul-Qass, mwanachuoni wa madhehebu yetu, aliandika risala nzima juu ya faida zake. Wanavyuoni wametoa humo kwamba yajuzu mtoto kucheza na ndege madhali hamtesi, na kwa sharti ya kulishwa. Nasi hatuharamishi walichohalalisha. Lakini kujuzu si kuamrishwa, na sharti zile ndizo tunazozizungumzia. Ajuaye kwamba kumfuga ni kumharibu hawezi kusema kwamba sharti imetimia.

Kwa hiyo tangu macho yafunguke mkono hupunguzwa. Kindi wa kijivu wa Marekani, ambaye malezi yake yamechunguzwa sana, hufungua macho katika wiki ya nne au ya tano. Lakini mlezi amtazame mnyama wake kuliko kuitazama kalenda. Aanzapo kutafuna hupewa matunda, mbegu na machipukizi ya miti ile ile atakayoishi, na ashikwe na mtu mmoja tu, kwa kulishwa na kusafishwa basi. Akishakua na kuota mkia wa kindi mzima, sanduku lake huwekwa juu ya mti penye kindi wengine, mlango wazi, na chakula huwekwa kila siku kikipunguzwa kidogo kidogo. Huenda akarudi kulala siku kadhaa. Asirudishwe ndani kwa sababu mtoto wa nyumbani analia. Mtoto huyo aelezwe, naye ataelewa upesi kuliko wakubwa.

Na akifa kabla ya hapo, baada ya kufanyiwa yote yapasayo? Wengi hufa, hata mikononi mwa mafundi. Mlezi hana lawama, na ujira wake hautegemei kindi kuishi, bali wategemea yeye alivyotenda.

Yaliulizwa pia siku ile maswali juu ya kukata miti yenye viota, na kama mwenye kiwanja alazimika kungoja. Hayo tutayaeleza katika toleo lijalo, inshaallah. Kwa sasa twamwomba kila mwenye shoka autazame mti, matundu yake na matawi yake, kabla ya kuupiga.