RAMADHANI, SIKU YA 14: Paka ni twahara, lakini kifua cha mwenzako je?



Ndugu zangu wa hapa Singida na popote mlipo, naamini mmeamka salama na daku ilikuwa na baraka. Leo nina kisa cha nyumbani kwangu. Wenyewe wameniruhusu nikisimulie, na aibu iliyomo ni yangu mimi.

Mwaka jana baba alipofariki, mama alihamia kwetu mjini kutoka kijijini. Alikuja na begi moja, magunia mawili ya alizeti na paka. Yule paka alikuwa wa marehemu baba, ndiye aliyelinda ghala lisiliwe na panya. Usiku analala miguuni kwa mama. Nani angethubutu kusema kitu?

Baada ya wiki kadhaa mke wangu akaanza chafya, macho yanawasha, alfajiri kifua kinabana. Nikamwambia, "Vumbi tu hilo, upepo wa Singida si unaujua." Siku moja akasema kwa sauti ya chini, "Baba watoto, mi nadhani ni paka." Jamani, nilimjibu vibaya: "Mtume (SAW) ametufundisha paka ni twahara. We humtaki kwa sababu ni wa mama." Akanyamaza. Ramadhani ikaingia bado amenyamaza.

Usiku wa 5 narudi kutoka tarawehe, namkuta ameketi kitandani, ameinama mbele, kila pumzi inapiga filimbi. Tukakimbia hospitali. Daktari akasema ni pumu, na kinachoichochea ni mzio wa paka. Akatueleza kwamba shida si manyoya yenyewe. Ni protini iliyomo kwenye mate na ngozi ya paka. Akijilamba inakauka, inapeperuka hewani, inaganda kwenye shuka na mapazia. Hata paka akiondoka, inaweza kubaki ndani kwa miezi.

Nikairudia ile hadithi niliyomchapia mke wangu, iliyopokewa na Abu Dawud, Tirmidhi na wengineo. Anayesimulia ni Kabsha bint Ka'b bin Malik. Alimmiminia maji ya udhu Abu Qatada (r.a.), paka akaja, Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Kisha akamwona Kabsha anamtazama kwa mshangao, akamuuliza kama anastaajabu, ndipo akamweleza aliyoyasikia kwa Mtume (SAW): paka si najisi, ni katika wanaotuzungukazunguka majumbani.

Sasa Kabsha alikuwa nani? Alikuwa mke wa mtoto wa Abu Qatada. Yaani mkamwana! Mzee yule aliyatazama macho ya mkamwana wake, akamuuliza kwanza, kisha akamfundisha kwa upole. Mimi nilibeba hukumu ya hadithi, adabu iliyomo ndani yake nikaiacha. Mke wangu macho yamevimba mbele yangu na sikuuliza.

Tena tusichanganye mambo. Twahara ni hukumu ya maji, chombo na nguo. Haina maana kwamba kila kifua kitamvumilia. Karanga ni halali, lakini kuna mtu akila anavimba koo. Na Mtume (SAW) ametufundisha kutodhuru na kutodhuriana.

Lakini pia usikimbilie kumtia paka kwenye kiroba ukamtupe mbali. Katika Bukhari na Muslim tumeelezwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Basi haki zote mbili zinalindwa.

Sisi tulikaa na mama. Akasema, "Mwanangu, mngeniambia mapema. Mkamwana wangu ni mtoto wangu." Paka sasa analala kwenye chumba cha stoo uani, penye magunia, anakula na kunywa vizuri. Ndani haingii. Shuka tumefua kwa maji ya moto, sakafu tunapiga deki badala ya kufagia kavu, na anayemshika paka ananawa. Tumekubaliana kifua kisipotulia, atakwenda kwa jirani mwenye ghala la alizeti, na chakula chake tutachangia.

Kuhusu dawa ya pumu ya kuvuta mchana wa Ramadhani, wanazuoni wamekhitilafiana. Sheikh Ibn Baz na Sheikh Ibn Uthaymin wanaona haifunguzi, wengine wanaona inafunguza na mgonjwa atalipa. Muulize sheikh wako. Ila kifua kikibana usiiache dawa kwa kuogopa. Mgonjwa amepewa ruhusa ndani ya Qur'ani, Surat al-Baqara aya ya 184 na 185.

*Kazi ya leo:* kabla ya futari, mtazame usoni mtu mmoja wa nyumbani kwako aliyenyamaza. Muulize kinachomsumbua, kisha usimjibu haraka.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, warehemu wazazi wetu waliotangulia, na utujaalie huruma kwa viumbe vyako vyote. Amin.

Mfikishie na mwenzako. Tukutane kesho inshaallah.