Ahadi ni Deni la Nani?

Wahenga walisema ahadi ni deni. Methali hiyo niliifundisha darasani kwa miaka 27, nikaitungia maswali ya mtihani, nikawanyima alama walioieleza vibaya, na katika muda wote huo sikupata hata mara moja kujiuliza kama ni kweli. Ilinibidi nistaafu, ninunue gari lililokwisha kutumika, kisha nilirudishe kwa muuzaji likiwa bovu, ndipo nilipoanza kuifikiri.

Gari lenyewe halikuwa la fahari. Lilikuwa dogo, jeupe, limetoka Japani kama magari mengi yanayoteremshwa katika bandari ya Dar es Salaam. Japani na sisi wote huendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo kile alichochoka nacho Mjapani sisi hukipokea bila hata kuhamisha usukani. Nililinunua Februari 2017 katika yadi moja ya hapa mjini, kwa shilingi milioni 9 zilizotoka katika kiinua mgongo changu. Sikulinunua kwa ajili ya kutembelea. Mama yangu alikuwa amepatwa na kiharusi mwaka uliotangulia, upande wake wa kulia ukalegea, na daktari akaagiza apelekwe mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki. Kumpandisha bibi wa miaka 78 katika daladala asubuhi ni jambo nisilotaka kulieleza hapa. Kijana aliyeniuzia, ambaye nitamwita meneja kwa kuwa ndivyo alivyojiita, alinipa karatasi yenye mhuri: dhamana ya miezi mitatu kwa injini na giaboksi.

Wiki ya tano giaboksi ikaanza kuteleza. Injini inanguruma, gari haliendi. Kisha linaruka mbele kama punda aliyechapwa. Fundi wa mtaani kwetu aliyanusa mafuta yake, akatikisa kichwa. Akanieleza kuwa giaboksi ya namna ile hutaka mafuta yake maalumu, na kwamba mtu alikwisha kuitilia mafuta ya kawaida, pengine ili kubana matumizi. "Hii ilikuwa imeungua kabla hujainunua, mwalimu," akasema.

Nikalirudisha yadi. Meneja alinipokea vizuri mno. Shikamoo mzee wangu, karibu kiti, kijana lete maji. Akaisoma karatasi yake mwenyewe, akakubali kuwa kazi ni yao. "Ijumaa unachukua gari lako." Ijumaa nikaenda. Giaboksi nyingine ilikuwa bado inatafutwa Gerezani, kwenye maduka ya spea za mtumba. Njoo Jumanne. Jumanne fundi alikuwa amefiwa. Baadaye giaboksi ilikuwa njiani kutoka Dubai, kisha imefika lakini haijatoka bandarini, kisha imetoka lakini si yenyewe. Sitamchosha msomaji. Zilipita wiki 11.

Katika wiki hizo nilijifunza mambo mawili ya lugha yetu ambayo nilidhani nayajua. La kwanza ni shikamoo. Kila ahadi ya yule kijana ilitanguliwa na shikamoo, nami kila mara nilijikuta nimekwisha itikia marahaba kabla ya kukumbuka hasira yangu. Na mtu uliyekwisha kumwitikia marahaba utamfokeaje? Ukimfokea, wewe ndiwe uliyekosa adabu. Heshima, ambayo nilizoea kuifikiri kuwa ni zawadi ya mdogo kwa mkubwa, niliiona ikifanya kazi ya komeo mlangoni.

La pili ni ile kauli ya kutendwa. "Gari linashughulikiwa, mzee." Maisha yangu yote niliwaambia wanafunzi kwamba katika sentensi ya namna hiyo mtenda anaweza kuachwa, na maana ikabaki. Sikuwaambia kwamba anaweza kuachwa kwa makusudi. Linashughulikiwa na nani? Siku moja nilimuuliza hivyo hasa, kwa sauti ya darasani. Akatabasamu. "Na vijana," akasema. Nikageuka, nikawaona vijana wawili kivulini wakicheza bao. Gari langu lilikuwa limepakiwa pale pale nilipoliacha, vumbi juu ya kioo, na mtu alikuwa ameandika kwa kidole: NIOSHE.

Je, yule kijana alikuwa mwongo? Kuna mwanafalsafa Mjerumani, Immanuel Kant, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1785 juu ya misingi ya maadili alitoa mfano wa mtu mwenye shida anayekopa fedha na kuahidi kuzilipa, huku akijua hataweza. Kant alisema tuwaze kwamba kila mtu anafanya hivyo: ahadi zenyewe zitakufa, kwa kuwa hapana atakayeziamini, watu watazicheka tu. Hoja hiyo ni nzuri, na kwa muda mrefu niliiona haina jibu. Lakini Kant hakupata kushonesha suruali kwetu kwa ajili ya Idi. Hapa kwetu fundi cherehani husema kesho, seremala husema kesho, ofisi husema kesho, na sote tunajua. Hata hivyo ahadi hazikufa. Kesho yake tunarudi tena, tunaamkiwa, tunaahidiwa, tunakwenda zetu. Kwa nini?

Nilidhani nimepata jibu. Nilijiambia kwamba "kesho" ya fundi si ahadi, ni adabu. Ni njia ya kusema "bado" bila kumwumiza mtu usoni. Anayeitamka anajua, anayeisikia anajua, basi hapana aliyedanganywa, kama vile mgeni anayekaribishwa chakula na wenye nyumba walioinua mikono tayari kula asivyodanganywa anapoambiwa "tunakungoja wewe." Nilipendezwa na jibu hilo kwa siku kadhaa. Lilinifanya nionekane machoni pangu mtu mvumilivu anayeelewa dunia.

Tatizo la jibu langu lilikuwa nyumbani. Kila niliporudi kutoka yadi, mama aliniuliza kama gari limetoka. Nami nilimjibu, "Kesho, mama." Basi usiku alikuwa akimwambia msichana amtolee kanga safi, na fimbo iwekwe karibu na kitanda, kwa sababu kesho kuna safari. Teksi ya kwenda na kurudi ilikuwa ghali kuliko nilivyoweza kumudu mara mbili kila wiki. Tukawa tunakwenda mara moja, na wiki nyingine tukakaa. Yeye hakuwa katika ule mchezo wa adabu. Hakujua kuwa "kesho" maana yake ni "bado." Alijua kuwa mwanawe kasema kesho. Neno lilitoka yadi likiwa jepesi, kila mtu akijua uzito wake, na lilipovuka mlango wangu likawa ahadi kamili.

Jioni moja aliniangalia muda mrefu, kisha akaniuliza, "Kesho yako, baba, au ya yule kijana?"

Sikumjibu. Mwezi wa tano vidole vyake vya kulia, vilivyokuwa vimeanza kufunguka, vilijikunja tena. Daktari hakusema kwamba ni kwa sababu ya siku tulizozikosa. Hakusema pia kwamba siyo.

Nilikwenda kwa rafiki yangu mwanasheria. Akanionyesha kuwa ipo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyofuata nyayo za sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, na ndani yake kuna masharti yanayomlinda mnunuzi hata kama hayakuandikwa katika mkataba. Lakini mnunuzi akikagua kitu mwenyewe, analolibeba ni lile ambalo ukaguzi ungepaswa kulifichua. Giaboksi haifichuliwi kwa macho. Rafiki yangu aliona naweza kushinda. Kisha akaniuliza kama ninao muda, na sote wawili tukacheka, mimi kidogo.

Ni yeye pia aliyenisimulia habari za George Akerlof, mchumi wa Marekani, ambaye mwaka 1970 aliandika makala juu ya soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akawa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Hoja yake si ngumu. Muuzaji anayajua maradhi ya gari lake, mnunuzi hayajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi hatoi zaidi ya bei ya gari la wastani. Mwenye gari zuri akiona bei hiyo anaondoka nalo. Wanabaki wenye mabovu. Dhamana ni dawa mojawapo ya ugonjwa huo, maana inamrudishia muuzaji hatari aliyotaka kumwachia mwenziwe. Ndiyo, lakini dhamana nayo ni nini kama si ahadi nyingine? Nilikuwa nimenunua gari pamoja na kesho yake, zote mbili za mtumba.

Nilikuwa naandika haya kwa furaha kidogo ya mtu aliyedhulumiwa, ambayo ni furaha yenye utamu wake, nilipokumbuka jambo nisilopenda kulisimulia.

Mwaka 2012 niliuza gari langu la zamani kwa mwalimu mwenzangu, kijana aliyekuwa ameanza kazi shuleni kwetu. Lilikuwa likila oili. Hakuniuliza, sikumwambia. Nilijiambia kuwa kuuliza si ujinga, ana mdomo, ana fundi, na bei nimempunguzia. Cicero, yule Mrumi, katika kitabu chake juu ya wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, anazungumzia nyumba inayouzwa na mtu anayejua kuwa haifai kukaliwa, na anawaweka wanafalsafa wawili wabishane. Diogenes wa Babeli anasema kunyamaza si kuficha, hapana aliyemlazimisha mnunuzi. Antipater wa Tarso anasema kumwacha mtu aanguke shimoni kwa kutokujua ni kama kumpotosha njia kwa makusudi. Mimi mwaka ule nilikuwa wa Diogenes bila kumjua. Lakini hata Diogenes asingenipokea, kwa sababu asubuhi ile, kabla kijana hajafika, niliongeza oili lita moja na nusu, nikaifuta mifuniko kwa kitambaa. Mdomo haukusema uongo. Mkono ulisema.

Basi kati ya yule meneja na mimi? Yeye alisema mengi na hakutimiza kwa wakati. Mimi sikusema kitu. Na yeye hatimaye alitimiza. Wiki ya kwanza ya Juni giaboksi iliwekwa, gari likaenda vizuri, na hakunidai hata shilingi, ingawa karatasi yake ilikuwa imekwisha muda na angeweza kunishika hapo. Deni lililoandikwa alililipa. Yale yaliyosemwa, Ijumaa na Jumanne zote zile, hayakuwa na mhuri wala risiti, na aliyeyadai hakuwa mimi. Deni laweza kusamehewa, lakini na mdai peke yake. Nilimsamehe yule kijana upesi sana, tukashikana mikono, na nilipokuwa naendesha kurudi nyumbani ndipo niliponaswa na wazo kwamba nilikuwa nimesamehe fedha ya mtu mwingine. Nilipofika, mama alikuwa amekaa barazani. Alipanda garini kwa kusaidiwa, akataka tuzunguke mtaa mara moja. Hakusema lolote juu ya wiki 11, nami sikuomba radhi siku ile, wala baadaye. Alifariki 2019.

Baada ya msiba nilimtafuta yule mwalimu. Alikuwa amehamia Kibaha, ana mke na watoto. Nilimweleza habari za oili moja kwa moja, maana nilijua nikianza na salamu ndefu sitafika. Akacheka. "Nilijua, mwalimu. Fundi aliniambia wiki ile ile."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ni mkubwa wangu. Kila asubuhi nakuamkia shikamoo. Ningeanzia wapi?"

Gari alikwisha kuliuza siku nyingi. Tulikunywa chai, tukazungumza habari za shule, na nilipoaga niliacha bahasha juu ya meza, chini ya kisosa. Kesho yake mtoto wake mkubwa aliniletea bahasha ile ile hadi mlangoni, haikufunguliwa, pamoja na salamu nyingi na embe sita. Embe tulizila. Bahasha ninayo mpaka leo, na sijajua kama nimesamehewa au nimekataliwa.