Msivuke bila pa kulala

Wajukuu zangu wa Mlingotini, nasikia mnachanga nauli. Fedha ya mwani, ya samaki na ya bodaboda mnaiweka pamoja mwende Unguja: wengine kwenye tamasha la muziki la Sauti za Busara, wengine kula sikukuu, wengine Nungwi kufunga mwaka. Nendeni. Kule ni kwa ndugu zetu, na kijana asiyetembea hajui ya wenzake. Lakini nikiuliza mtalala wapi, mnanijibu: "Babu, tutajua hukohuko." Jibu hilo linanikosesha usingizi.

Ujueni kwanza msimu. Kuanzia Desemba hadi Februari kaskazi inavuma, kwetu jua, Ulaya baridi. Ndipo wageni wanapofurika. Kampuni za utalii huchukua vyumba kwa mafungu miezi kadhaa kabla, na mgeni anayeshuka kwa ndege ya kukodi kutoka Poland au Italia ameshalipia kitanda na chakula angali kwao. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, nalo huangukia Februari hiyohiyo. Na Mji Mkongwe hautanuki: tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia, na majumba yake ya mawe hayaongezwi ghorofa ovyo eti wateja wamezidi. Basi chumba mtakachokitafuta saa mbili usiku, mwenzenu alikwisha kukilipia zamani.

Mtu asiye na pa kulala hana uwezo wa kukataa. Shikeni hilo hata mkisahau mengine yote. Ukitoka geti la bandari ya Malindi, papasi, yule anayewinda wageni, anashika begi kwanza, bei baadaye. Ana chumba "hapo tu". Mwenye namba ya gesti mfukoni anasema ahsante, anapita. Asiye nayo anafuata, uchochoro baada ya uchochoro, mpaka hajui tena bahari iko upande gani. Akifikishwa kwenye chumba ambacho mlango wake hauna hata komeo, atalipa atakachotajiwa, maana giza limeingia na begi liko mkononi mwa mwingine. Mabinti zangu, nanyi nawaambia wazi: mtu mliyekutana naye kwenye muziki, akasema kwake pana nafasi, hajawa mwenyeji wenu. Na anayepanga kulala Nungwi akumbuke ni zaidi ya kilomita 50 kutoka mjini. Muziki ukiisha usiku wa manane hapati daladala, na mwenye teksi atataja bei aitakayo.

Kukosa malazi humsukuma mtu hata baharini, akapanda chombo chochote kinachorudi. Wengi wenu mlikuwa wadogo Septemba 10, 2011, MV Spice Islander I ilipozama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imepakia watu kupita uwezo wake. Julai 18, 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Waliokufa hawakuwa na kosa, Mungu awarehemu. Wajibu umebaki kwetu: mkiona chombo kimejaa, shukeni. Na anayeweza kushuka bila kusita ni yule aliye na pa kurudi kulala.

Wazee wetu nao walikuwa watembezi, tena wa safari ndefu. Mfanyabiashara wa Arabuni aliyekuja na kaskazi alijua atafikia kwa nani miezi yote ya kungoja kusi imrudishe. Wasafiri wa zamani walitafuta mwenyeji kabla ya kutafuta biashara.

Basi fanyeni hivi. Pigeni simu mchana, wiki kadhaa kabla, muulize bei ya mkazi, siyo ya dola. Mkiwa na ndugu au rafiki kule, mtumeni akaone chumba kwa macho yake. Ule ujumbe wa matapeli wa "ile pesa itume kwenye namba hii" mnaujua. Kabla ya kutuma advansi hakikisheni jina linalotokea kwenye simu ni la mwenye gesti, kisha ombeni risiti. Kitambulisho kisibaki nyumbani. Tiketi ya boti kateni ya kwenda na kurudi, na mwachieni mama jina la gesti na namba yake. Vyumba vikiwa vimekwisha, nendeni na boti ya asubuhi mrudi na ya jioni, au subirini masika, wageni wapungue na bei ishuke. Bahari haihami.

Asiye na mtu Unguja asione haya kuuliza. Aje kwangu baada ya alasiri, nimpe namba za jamaa zetu, tupige simu pamoja. Tahadhari kabla ya hatari, wajukuu zangu. Mungu awavushe salama na awarudishe salama.